Sigara Isiyokwisha

Fundi makochi huyu aliitwa Dohani, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Wapo watu wakibandikwa jina la utani hununa mpaka jina lichoke lenyewe. Yeye aliliitikia kwa mbwembwe, kana kwamba amepandishwa cheo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na juu ya kichwa chake palikuwa na moshi muda wote, kwa hiyo hata angekataa asingeeleweka. Wateja wakimtania alisema, "Mkiona sitoi moshi, mjue humu hamkai mtu." Wakacheka, naye akacheka kuwazidi, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akawasha nyingine ya kutuliza kikohozi.

Msidhani namsengenya. Haya anayasimulia mwenyewe kwa yeyote anayekaa kusubiri mto wake ushonwe, tena anayapamba. Ukitaka kumsikia mtu anayejua kumsema Dohani mpaka mbavu zikuume, mtafute Dohani.

Kuacha sigara alikuwa amejaribu kila njia ambayo haikumtaka aache sigara. Aliambiwa atafune karafuu. Akatafuna mpaka mdomo ukafa ganzi, asiweze kusikia ladha ya sigara, na kwa kuwa hakuisikia akaona hajavuta, akavuta tena. Aliambiwa ale karoti. Akashona viti na karoti mdomoni, watoto wa wateja wakamwita sungura, naye akatoka nje kuvuta ili aondoe ile aibu. Mwisho akamwomba muuza duka wa jirani asimuuzie sigara hata akimpigia magoti. Muuza duka akaahidi, na kumbe ni mtu wa ahadi. Dohani akalazimika kuvuka barabara na kununua kwingine, na njia nzima akawa anamlaani yule wa kwanza kwa roho yake mbaya.

Mkewe hakuwahi kutia sigara mdomoni. Yeye alianza kwa kuchoka tu. Akianika nguo, ilibidi ashike kamba apumzike kabla ya kuokota shati jingine kwenye beseni. Akipanda ngazi chache za nyumba ya dada yake, alifika juu akiwa hana hata salamu. Kikohozi kikaja, kikakataa kuondoka, na siku moja akavaa viatu vya kutokea, akaenda hospitali peke yake bila kumwambia mtu. Aliporudi alikaa kwenye kigoda cha jikoni, mkoba ukiwa bado begani.

"Daktari ameniuliza navuta sigara tangu lini," akasema.

Dohani akaangua kicheko. Alicheka peke yake, na kucheka peke yako jikoni ni kazi ngumu, kwa hiyo akaacha.

"Nikamwambia sijavuta hata siku moja. Akanipima tena. Akasema, basi mama, kuna mtu anavuta kwa niaba yako."

Hakupiga kelele. Dohani alikuwa amejiandaa kwa kelele. Kelele alizizoea na alikuwa na majibu yake. Mkewe aliinuka taratibu, akaingia chumbani, akachukua mto wake, kitana, chupa ya losheni na gauni la kulalia, akavihamishia kwenye chumba cha binti yao aliyekwisha kuolewa. Dohani akamfuata mpaka mlangoni.

"Mama watoto, una hasira?"

"Hasira sina," akasema. "Pumzi ndiyo sina."

Akafunga mlango kwa upole. Dohani akarudi chumbani, akakaa kwenye kile kitanda ambacho miaka yote alilalamika kuwa ni chembamba, akakiona kikubwa mno. Akawasha sigara ili alifikirie vizuri jambo hili. Akaivuta karibu yote kabla hajatambua anachofanya, na amefanyia wapi. Hapo aliogopa. Hakuna neno jingine la kulipamba: mtu mzima aliogopa kwamba anamuua mkewe kidogo kidogo huku akisimulia vichekesho, na kwamba hata akitaka kuacha hana anayemwamini, kuanzia yeye mwenyewe.

Habari za sigara ya umeme alizisikia kwa fundi mwenzake, akazifuata kwenye duka la simu. Muuzaji, mwanamke mwenye subira na kucha ndefu, alimtolea kidude cheusi chenye urefu wa kidole cha kati, akamweleza kwamba ndani kuna maji, maji yanapashwa moto na betri, yanakuwa mvuke, na mvuke una nikotini ile ile inayomsumbua. Hakiunguzi tumbaku. Unaanza na maji makali, unashuka mpaka ya wastani, unashuka mpaka hafifu, mwisho unakiacha.

"Nakivuta mpaka wapi?" Dohani akauliza.

"Mpaka wapi kivipi?"

"Sigara naivuta mpaka kwenye kishungi. Hiki kishungi chake kiko wapi?"

"Hakina, mzee. Unavuta mpaka utosheke."

"Na nisipotosheka?"

Muuzaji akamtazama, akamwuliza anapendelea ladha gani. Yalikuwepo maji ya embe, ya mnanaa, ya stroberi na ya tikiti. Dohani aliuliza kama yapo ya sigara, akaambiwa yamekwisha, wazee wenzake wameyamaliza. Akachagua tikiti kwa sababu ndilo tunda asilolipenda, akidhani litamsaidia asizidishe. Hiyo ndiyo ilikuwa mikakati ya Dohani, na anapofika hapa hunyamaza kidogo ili msikilizaji apate nafasi ya kumdharau.

Siku ya kwanza alivuta kidude kile kuanzia kifungua kinywa mpaka betri ikamalizika. Hakuwa amejua kwamba uraibu wake sasa utahitaji chaja. Ikambidi akichomeke ukutani, na kwa kuwa hamu haikungoja chaji ijae, akasimama pale pale pembeni ya soketi, amejibanza kati ya kabati na ukuta, akivuta huku waya ukiwa umechomekwa, kama mbuzi aliyefungwa akala nyasi zote zilizo karibu. Mkewe alipita na beseni la nguo. Akamwangalia, akaangalia waya.

"Umeme ukikatika?" akauliza.

"Nitakuwa nimeacha," Dohani akajibu.

Mkewe alicheka, kicheko kifupi kilichogeuka kikohozi, lakini alicheka. Jioni alisimama katikati ya sebule, akanusa juu, akanusa pazia. "Nani amekula tikiti humu ndani?" Dohani akainua mkono kama mwanafunzi. Mkewe akasema afadhali, ingawa anahisi anaishi ndani ya pipi. Akamwambia hata hivyo asivutie chumbani wala jikoni, na Dohani akawa anatoka na mvuke wake mpaka uani.

Baada ya muda losheni ilirudi. Dohani aliikuta juu ya meza ndogo ya chumbani, hakuna aliyeitangaza. Akaipeleka puani, akairudisha pale pale bila kuisogeza, asije akaonekana ameigusa ikaondoka tena. Kisha kitana kikarudi. Kisha gauni la kulalia likaonekana nyuma ya mlango, kwenye msumari wake wa zamani. Kikohozi nacho kilikuwa kikipungua, na mke aliweza kuanika beseni zima la nguo bila kushika kamba. Ulibaki mto. Kila akitoka kazini Dohani aliingia chumbani kwanza, akatazama kitandani, akaona mto mmoja, akajiambia kesho.

Sasa tufike karakana, maana huko ndiko mambo yalikoharibika. Ilikuwa mali ya marehemu mkwewe. Mzee yule alimfundisha Dohani kazi, akamwozesha binti, na alipofariki akawaachia mashine za kushona, mikasi mizito na amri iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: MOTO MARUFUKU. Sponji na gundi zikishika moto hazisubiri mtu. Shemeji yake Dohani, yaani kaka wa mkewe, ndiye seremala aliyeunda fremu. Yeye havuti. Dohani ndiye aliyezivisha sponji na kitambaa, na alipotaka kuvuta alitoka mpaka kwenye uzio wa nyuma.

Gundi ya sponji ina tabia zake. Unaipaka kwenye ubao, unaipaka kwenye sponji, halafu unaviacha kwanza vitulie. Ukivibandika mapema vinateleza. Ukichelewa vinashikana kinafiki tu, na baada ya siku chache vinaachana. Mafundi wengine hugusa kwa mgongo wa kidole wasikie kama imefika. Dohani aliwacheka watu hao. Yeye alipaka gundi, akatoka uzioni, akavuta sigara moja, akarudi, akabandika, na hapo ungeweza kuvunja ubao lakini sponji usiibandue. Hivyo ndivyo mkwewe alivyomfundisha, tena bila maneno: mzee alipaka, akatoka, na mwanafunzi akatoka nyuma yake. Akapewa sigara yake ya kwanza pale uzioni, na tangu hapo hakuwahi kujiuliza kama ile sigara ni sehemu ya kazi. Alidhani anapumzika.

Alipoanza kuvuta tikiti, alipaka gundi, akatoka, akavuta. Kidude hakikuisha. Akavuta, akatazama ndege juu ya waya, akavuta, akapiga soga na mpita njia, akavuta tena. Siku nyingine alirudi gundi ikiwa imekauka kama ukoko. Siku nyingine alijishtukia kwamba amekaa sana, akarudi mbio, kumbe bado mbichi. Hakuona tofauti. Mikono yake ilibandika kwa mazoea, yeye akiwa anajipongeza moyoni kwa kuacha sigara.

Mteja wa kwanza kurudi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mnene wa heshima zake, aliyezoea kuwasimamisha watu mstarini. Aliingia karakana na mwavuli, akasimama katikati.

"Fundi, kochi lako linavua nguo."

"Unasemaje, mwalimu?"

"Nilikaa na wageni wangu. Mkono wa kushoto ukavua kwanza. Tukajifanya hatujaona. Mgeni wangu akajiegemeza, na mgongo nao ukavua. Sponji ikamwangukia kichwani, na yeye ni mtu wa kanisani."

Shemeji alijificha nyuma ya fremu acheke. Lakini hakucheka muda mrefu, maana walifuata wengine: mwenye saluni, ambaye viti vyake viliwaacha wateja na sponji mgongoni, na mwenye hoteli ndogo, ambaye makochi yake ya mapokezi yalifunguka siku moja yote, kana kwamba yalikubaliana. Shemeji akasema gundi imechakachuliwa. Dohani akadakia. Wakamwendea muuza gundi, na Dohani ndiye aliyefoka zaidi, akamwita mwuaji wa mafundi, akamwapia kwa kila alichokijua. Muuza gundi, mtu wa watu, akawapa debe jingine na kuomba radhi kwa kosa asilolijua. Makochi yakaendelea kuvua.

Alikuja kugundua kwa bahati mbaya. Siku hiyo alisahau kidude nyumbani kwenye chaja. Mpaka mchana hamu ilikuwa imemzidi, akashona mfuko wa mto pande zote nne bila kuacha pa kuingizia sponji. Mpita njia mmoja akamhurumia, akampa sigara. Dohani alikuwa ametoka tu kupaka gundi. Akaivuta mpaka kwenye kishungi, akajilaani, akarudi ndani, akabandika. Ile sponji ilishika kama zamani. Akaivuta kwa mikono miwili, akaweka goti kwenye ubao, akavuta tena. Haikusogea. Dohani akakaa chini sakafuni katikati ya vipande vya kitambaa, akaelewa kwamba katika miaka yote ya ufundi wake hakuwahi kuijua gundi hata siku moja. Aliyeijua gundi ni sigara.

Mtu mwenye akili angeenda kwa mafundi aliowacheka, akajifunza kugusa kwa kidole. Dohani alinunua paketi. Akajieleza kwa ufasaha mkubwa, na yeye mwenyewe akashawishika. Hii si sigara ya kuvuta, alijiambia, hii ni sigara ya kazi. Ni kifaa, kama mkasi. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kushika mkasi. Nyumbani nimeacha, na kinachomuumiza mke wangu ni cha nyumbani. Akaificha paketi ndani ya mto wa kiti kibovu, akawa anapaka gundi mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Kabla ya kurudi nyumbani alinawa mikono, akabadili shati, akavuta tikiti nyingi mpaka akanukia kama gulio.

Makochi yakaacha kuvua. Shemeji akafurahi, akasema lile debe la pili ndiyo gundi yenyewe, akamsifu muuza gundi kila mahali. Na Dohani akawa anaingia chumbani kila jioni, anatazama kitandani. Mto ulikuwa mmoja. Wiki ikapita, nyingine ikapita, mto haukuja. Gauni lilining'inia kwenye msumari bila kuvaliwa, kisha siku moja msumari ukawa mtupu.

Kosa akalitupia tikiti. Akarudi kwenye duka la simu, akanunua mnanaa. Akakumbuka habari ya kushuka, akachukua maji hafifu kabisa, akajisifu mbele ya mkewe kwamba ameshuka mpaka chini. Hakusema kwamba kwa kuwa yalikuwa hafifu, sasa alivuta bila kupumua katikati, mpaka chupa iliyopaswa kukaa naye muda mrefu ikaisha kabla mazungumzo hayajaisha. Mkewe alimsikiliza, akasema, "Hongera, baba watoto," akaenda kulala chumba kile kingine. Ile hongera ilimkaa Dohani kooni kuliko moshi.

Ndipo mwalimu mkuu akarudi. Safari hii kochi lilikuwa limetulia, na alikuja na ombi.

"Nimesikia umeacha sigara, fundi. Shemeji yako kanihadithia. Mume wangu kakatazwa na daktari, naye haambiliki. Njoo umweleze ulivyofanya. Wewe na yeye mtaelewana."

Dohani alitafuta sababu ya kukataa, akaikosa, maana sababu pekee aliyokuwa nayo isingeweza kusemwa. Akaenda na shati lake safi, moja kwa moja kutoka kazini. Akakaribishwa kwenye kochi alilolivisha mwenyewe. Mbele yake, kwenye kiti cha kuegemea, alikaa mzee mmoja mkavu, blanketi magotini, na kifua chake kilisikika tangu mlangoni, kikipiga mluzi kama birika linalochemka. Mwalimu akawaacha, akaenda kuchukua chai.

Kumbe Dohani ana kipaji cha kuhubiri. Alizungumza. Alisema kuacha ni uamuzi. Alisema mwanamume lazima ajitawale. Alisema mwanzo mkono unatafuta, mdomo unatafuta, lakini ukishikilia msimamo mwili unazoea, na yeye leo ukimpa sigara atakushangaa tu. Mzee akawa anatikisa kichwa polepole. Dohani akanogewa na maneno yake, akaona huu ndio wakati wa kumwonyesha mzee kifaa chenyewe. Akatia mkono mfukoni, akatoa, akakiweka mezani kwa madaha huku akiendelea kusema. Mzee akaangalia mezani. Dohani naye akaangalia. Ilikuwa paketi ya sigara.

Kijiko kiligonga kikombe huko jikoni. Mzee akageuza shingo kutazama mlango, kisha akainama mbele, blanketi likamwanguka, akanyoosha mkono uliokuwa umebaki mishipa mitupu.

"Mwanangu," akanong'ona, "nigawie moja kabla hajarudi."

Dohani anasema hapa ndipo alipotaka kucheka, kama kawaida yake, na kicheko hakikutoka. Aliuona ule mkono. Akaona jinsi macho ya mzee yalivyong'aa ghafla, yasimwone yeye, yasimwone mkewe aliyekuwa akimpikia chai, yaione ile paketi tu. Akaichukua, akairudisha mfukoni, akasema, "Nisamehe, mzee wangu, mimi ni mwongo," akatoka bila kuaga na bila kunywa chai. Mwalimu alimwita toka dirishani, akadhani fundi ameitwa kazini.

Alimkuta mkewe sebuleni, ametandaza nguo zilizokauka, anakunja. Dohani hakuvua viatu. Akatoa paketi, akaiweka juu ya rundo la nguo, kwenye shati lake mwenyewe.

"Mama watoto, bado navuta."

"Najua," mkewe akasema, akavuta soksi kutoka kwenye rundo akatafuta mwenzake.

"Umesikia harufu?"

"Harufu nitaisikia wapi? Pua yangu umeimaliza na matikiti yako."

"Basi kaka yako kaniona."

"Kaka hajakuona. Kaka amekuja hapa kuniambia gundi imekuwa nzuri tena." Akapata soksi ya pili, akazifunga pamoja. "Mimi ni mtoto wa karakana, baba watoto. Nimempelekea baba chai pale uzioni tangu sijui kusoma. Anapaka, anatoka, anavuta, ananipa kikombe, anarudi ndani. Gundi haijawahi kuwa nzuri wala mbaya. Makochi yalipoanza kubanduka nilikaa peke yangu nikafurahi, nikasema huyu kweli ameacha. Yalipoacha kubanduka nikajua."

Dohani akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa amefika na maneno mengi ya kujitetea, likiwemo lile la mkasi, na yote yakamkimbia.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Akachukua ile paketi, akaenda jikoni, akafungulia bomba. Dohani alimsikia akiikamua kwenye sinki kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Aliporudi mikono yake ilikuwa imelowa. Hakukaa.

"Baba hakuwahi kurudishiwa kochi hata moja," akasema. "Nenda nyumbani kwa mama uone. Seti nzima ipo mpaka leo, hakuna hata pembe iliyoinuka. Mama anakaa upande huu, na upande wa pili hakai mtu. Mimi sitaki kochi la kudumu. Nataka mtu wa kukaa naye."

Sauti ilimkatika mwishoni, na safari hii haikuwa kikohozi. Dohani alilia. Alilia bila ufundi wowote, kamasi na kila kitu, akajifuta kwa soksi zilizokunjwa karibuni. Alipotulia akatoa kile kidude cheusi mfukoni, akamnyooshea.

"Na hiki nikitupe?"

Mkewe alikitazama, akafikiri. "Kaa nacho. Kikusaidie kuacha. Kisikusaidie kunificha."

"Nikiacha hata ile ya kazini, makochi yatabanduka yote. Gundi siijui. Nitaanza kugusa kwa kidole kama mwanafunzi, na wale mafundi niliowacheka watanicheka mpaka wazeeke."

"Wacheke."

"Wateja watakimbia."

"Wakimbie. Wao pumzi wanayo."

"Hata hili kochi letu, nilisema nitalivisha upya mwezi huu. Nikilivisha mimi, halimalizi mwezi. Tutakaa wapi?"

"Tutakaa chini," mkewe akasema. Akalibeba rundo la nguo lote, zake na za mumewe, akaingia chumbani kwao. Dohani alibaki pale sebuleni akisikiliza kabati likifunguliwa, droo ikivutwa, kitanda kikilia kidogo. Kisha mkewe akachungulia mlangoni akamwuliza kama anasubiri kadi ya mwaliko.